Herufi Tatu za Ndugu Yangu

Ndugu yangu alinitumia picha ya karatasi ya kliniki kwenye WhatsApp, Jumanne moja asubuhi, nikiwa ndani ya matatu ya kwenda Westlands. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na ilikuwa na alama ya kidole chenye mafuta ya samaki. Katikati kulikuwa na herufi tatu: LDL. Kama una mtu wako anayemeza ARV hapa Kenya, unazijua. Maana yake ni kwamba mashine imejaribu kuhesabu virusi kwenye damu yake na imeshindwa, kwa sababu vimepungua hadi chini ya kiwango inachoweza kuona.

Nilimjibu kwa emoji tano za moto na neno moja: "Umeishinda!"

Nalitaja neno hilo mapema kwa sababu ni langu, hakuna mwingine wa kulaumiwa. Miezi mitatu baadaye dani alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Dani hapigi simu alfajiri ila kuna msiba. Alisema, "Ndugu yako ameacha dawa. Amesema wewe uliyesoma ndiye ulimwambia amepona."

Nina shahada ya biokemia. Kazi yangu ni kuuza bima, lakini shahada ninayo, iko kwenye fremu sebuleni. Muhula mzima tulisoma retrovirusi. Nilichora umbo lake kwenye karatasi ya mtihani, nikaweka mishale, nikapata alama nzuri. Halafu mtu mmoja duniani aliyehitaji nimweleze kitu hicho aliniletea herufi tatu, nami nikampa emoji.

Usiku huo nilipanda basi la Mbita.

*

Amenipa ruhusa niandike haya kwa sharti moja, nisitaje jina lake wala ufuo anaoshukia samaki. Rusinga ni kisiwa kidogo. Ukivuka daraja kutoka Mbita, boda anaweza kukuzungusha kisiwa kizima kabla chai ya saa nne haijapoa. Ukisema tu "yule kijana mrefu wa omena mwenye dada Nairobi", watu kumi watakuonyesha nyumba.

Nilimkuta anaanika omena na vijana wengine wawili. Mwezi ulikuwa mkubwa, kwa hivyo hawakuwa wakitoka. Omena huvutwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni sola na betri. Aliponiona hakushangaa. Alisema tu, "Nyaminwa, dani amekuita," akaendelea kutandaza samaki kwenye neti.

Tulikaa nyuma ya boti iliyopinduliwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, nilifanya mazoezi ndani ya basi kuanzia Narok. Lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Niambie kitu kimoja. Kama mashine haioni kitu, mimi nameza dawa ya kuua nini?"

Sasa jibu hilo swali. Mimi nilijaribu la mkato, "Bado imo mwilini," akanitazama vile tunavyomtazama mchungaji anayesema shetani bado yuko. Imo wapi? Alitaka mahali. Mvuvi hakubali kuambiwa "samaki wamo ziwani".

*

Kwa hivyo nilianza na umbo. Nilichukua kijiti nikachora mchangani.

Kirusi cha HIV ni kiduara chenye upana wa takriban nanomita 120. Ukivipanga vinane kwa mstari ndiyo unapata elfu moja ya milimita. Ganda lake la nje ni la mafuta, na mafuta hayo si yake. Kirusi kinapotoka kwenye seli yetu hujifunga kipande cha ngozi ya seli hiyo na kuondoka nacho. Juu ya ngozi hiyo ya wizi kuna miiba michache tu, kumi na kitu, nayo imefunikwa sukari zilizotengenezwa na seli zetu wenyewe. Ndiyo sababu askari wa mwili wanapata shida kukitambua. Kimevaa sare yao.

Ndani kuna kasha linaloitwa kapsidi, vipande zaidi ya 1,000 vya protini moja vilivyopangwa kama mzinga wa nyuki. Vingi viko sita sita, na mahali kumi na mbili hasa viko tano tano ili kasha lijikunje na kufunga. Si duara. Ni pia, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili.

Ndugu yangu aliangalia mchoro. "Kama kaburi la Mboya."

Nilicheka kwa sababu alikuwa sahihi kuliko kitabu. Kaburi la Tom Mboya liko hapo Rusinga, limejengwa kwa umbo la risasi, kwa sababu risasi ndiyo iliyomuua Nairobi mwaka 1969. Tulipelekwa huko na shule tukiwa wadogo. Ndani ya jengo lenye umbo la kilichomuua, yeye mwenyewe amelala. Na ndani ya kapsidi kuna nini? Nyuzi mbili za RNA, nakala mbili za maandishi yale yale, pamoja na protini chache zilizobebwa kama fundi anavyobeba vifaa vyake kazini.

Maandishi hayo yana herufi takriban 9,700. Makala hii unayoisoma ina herufi nyingi kuliko hizo. Ndani yake mna jeni tisa tu. Tatu ni kubwa: gag inatengeneza kasha na nguzo zake, pol inatengeneza vifaa vya fundi, env inatengeneza miiba. Sita zilizobaki ni ndogo na za ujanja. Baadhi zinapandana, herufi zile zile zikisomwa kuanzia mahali tofauti zinatoa neno lingine. Sijawahi kuona maandishi yenye ubahili hivyo. Binadamu ana herufi takriban bilioni tatu na bado tunalemewa na kitu kinachoenea kwenye kurasa tano.

"Sawa," alisema. "Lakini hicho ndicho mashine inatafuta, na haikukipata."

"Ndiyo. Hujafika mahali penyewe."

*

Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini maandishi ya uhai hutembea njia moja. DNA ndiyo kitabu, RNA ni nakala inayotolewa ikapelekwe jikoni, protini ndiyo chakula. Hakuna aliyetarajia nakala irudi kujiandika kitabuni. Howard Temin wa Marekani alipoanza kusema katika miaka ya 1960 kwamba virusi fulani vya kuku hufanya hivyo, wengi hawakumwamini. Mwaka 1970 yeye na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake, walikipata kimeng'enya chenyewe, kile kinachosoma RNA na kuandika DNA. Ndicho kilichoipa familia hii ya virusi jina la "retro", yaani kwenda kinyume. Miaka mitano baadaye walipewa Nobel. Na mwaka 1983, kule Institut Pasteur ya Paris, Françoise Barré-Sinoussi na wenzake walipopata dalili za kimeng'enya hicho kwenye seli za mgonjwa, walijua wana retrovirusi mkononi.

Haya sikumwambia ufuoni. Nilimwambia kuhusu shamba.

Kila mtu Rusinga anajua kesi ya shamba. Jirani anakuja kama mgeni, mnampa maji. Kumbe ana karani wake. Usiku karani anaandika jina la jirani kwenye hati ya shamba lenu, katikati ya majina ya ukoo, kwa mwandiko ule ule. Asubuhi mnamfukuza jirani na anaenda. Mnafagia nyumba, mnaangalia kila chumba, hayupo. Lakini hati iko sanduku lile lile na jina lake limo.

"LDL," nilimwambia, "ni watu wa kliniki wameangalia nyumba na hawakumpata mtu. Hawajafungua hati."

Alinyamaza muda mrefu. Kuna mtoto alipita na mbuzi.

Hati ni DNA yako. Kirusi kikishaingia kwenye seli ya CD4, RNA yake inageuzwa kuwa DNA, halafu kimeng'enya cha pili, intigresi, kinakata kromosomu yako na kuipachika humo. Kuanzia hapo seli haijui tofauti. Ikigawanyika, inanakili jina la jirani pamoja na ya ukoo. Seli nyingi za aina hiyo hufa haraka. Chache hulala, zikiwa na maandishi yaliyokunjwa, hazitengenezi kitu. Dawa haizioni kwa sababu hakuna cha kuzuia. Askari wa mwili hawazioni kwa sababu hakuna cha kukamata. Kwa mtu anayemeza vizuri, kati ya seli milioni moja za CD4 zilizolala, karibu moja tu ndiyo yenye maandishi kamili yanayoweza kuamka. Watafiti waliwahi kupiga hesabu ya muda ambao seli hizo zingechukua kwisha zenyewe, mtu akimeza dawa bila kukosa. Walipata zaidi ya miaka 70.

"Na nikiacha?"

"Moja inaamka. Kwa wengi huchukua wiki mbili hadi nne hivi."

Alihesabu kwa vidole. Alikuwa ameacha wiki sita.

*

Lazima niseme kitu kuhusu sisi wawili, maana vinginevyo utadhani hii ni hadithi ya dada msomi na mvuvi mkaidi.

Mimi nilizaliwa 1997, yeye 2001, mama mmoja, baba mmoja. Mama alifariki 2004, wakati dawa zilikuwa zimeanza tu kuingia hospitali za serikali na kijijini zilisikika kama habari za mbinguni. Mimi sina virusi. Yeye anavyo tangu kuzaliwa, au tangu kunyonya. Mama asipopata dawa, uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni kati ya 15 na 45 kwa mia. Pengine mama aliambukizwa baada yangu. Pengine alikuwa navyo tayari na mimi nikapita upande mwema wa hesabu. Amelala nyuma ya nyumba ya dani na jibu lake.

Waandishi wa habari wakija Homa Bay huandika kuhusu jaboya, akina mama wanaopewa samaki kwa kulala na wavuvi, wanapiga picha ya machweo na kurudi. Sikatai, jaboya ipo. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika kaunti yetu anaishi na HIV, 19.6 kwa mia, wakati nchi nzima ilikuwa 4.9. Lakini nimechoka kusoma kuhusu kwetu kana kwamba kila kirusi kilipitia kwenye karai la samaki. Ndugu yangu alikipata kwa mtu aliyempenda kuliko wote.

Alianza dawa akiwa darasa la pili. Kwanza dawa ya maji chungu, halafu vidonge vikubwa, halafu tangu miaka michache iliyopita kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza zinamkwamisha yule karani anayegeuza RNA kuwa DNA. Zinajifanya herufi, anaziokota, anaziandika, na sentensi inakatika hapo. Ya tatu inamzuia anayepachika. Hakuna hata moja inayofuta kilichokwisha kuandikwa.

Alimeza miaka kumi na sita bila kuuliza. Alikuwa akimeza kwa sababu dani alisimama mlangoni. Kisha akaanza kwenda kuvua visiwa vya mbali, Remba huko, ambako mnalala kumi ndani ya chumba cha mabati na kila mtu anaona unachotoa mfukoni. Mara akaruka siku mbili, mara tatu. Ndipo picha ya LDL ikaja, na neno langu likafuata, na kopo la dawa likaingia ndani ya mkebe wa Kimbo chini ya kitanda.

Kuhusu kurukaruka nilimweleza pia, na hapo nilikuwa mkali. Karani wa kirusi ni mzembe. Hasomi tena alichoandika, na makosa yake ni mengi. Mengi yanaua kirusi chenyewe. Lakini kukiwa na dawa kidogo damuni, isiyotosha, kosa moja zuri linaweza kukipa njia. Kwenye neno la 184 la kimeng'enya hicho, herufi moja ikibadilika kutoka A kuwa G, lamivudine inapoteza nguvu zake nyingi. Herufi moja kati ya 9,700.

"Kumbe ni kama password," alisema.

Kumbe.

*

Jioni tulitembea hadi upande wa kilima ambako tulikuwa tukiokota mifupa tukiwa watoto. Sisi tuliokulia Rusinga tunajua mawe ya kwetu yana meno. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapa fuvu la sokwe wa kale, mwenye umri wa takriban miaka milioni 18, akalibeba mwenyewe kwenye ndege hadi Uingereza. Lilijulikana kwa jina la Proconsul. Mwaka 2015 watafiti waliwapa sokwe hao wa Rusinga jina jipya, Ekembo, ambalo ni neno la Kisuba la sokwe. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Kisuba chenyewe kinakufa, kimemezwa na Dholuo. Wazee wachache wamebaki nacho, na sasa neno lake moja liko kwenye makabati ya makumbusho.

Tulikaa hapo na nikamwambia sehemu ambayo, kusema kweli, ndiyo iliyonifanya nipende somo lile.

Retrovirusi ikijipachika kwenye seli ya damu, inakufa na mtu wake. Lakini mara chache sana katika historia, imejipachika kwenye yai au mbegu ya uzazi. Basi mtoto anazaliwa nayo kwenye kila seli, na watoto wake, na wao wao. Ukichambua DNA ya binadamu yeyote, takriban asilimia 8 ni mabaki ya retrovirusi za namna hiyo. Jeni zinazotengeneza protini zetu zote hazifiki hata asilimia 2. Mabaki mengi yameharibika kabisa, maneno yaliyoliwa na mchwa. Ukiangalia vizuri bado unaona mpangilio: gag, pol, env.

"Wewe pia?"

"Mimi pia. Dani. Rais. Mchungaji."

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alimtaja mchungaji mara mbili.

Kuna env moja ya zamani ambayo haikuharibika. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba jeni hiyo, iliyokuwa mwiba wa kirusi wa kujiunganisha na seli, sasa inafanya kazi kwenye kondo la nyuma. Protini yake inaitwa sinsitini. Inazifanya seli ziungane kuwa tabaka moja lisilo na mipaka, pale ambapo chakula cha mama huvuka kwenda kwa mtoto. Kirusi kilichoileta kiliingia kwa mababu zetu zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, kwa makadirio yaliyopo. Kwa hesabu hiyo, huenda wale sokwe waliolala kwenye kilima tulichokalia walikuwa nayo tayari.

Tabaka hilo hilo ni ukuta pia. HIV ya mama mara nyingi haivuki mimba ikiendelea. Hatari kubwa iko wakati wa kuzaa na kunyonyesha. Nilisema haya kisha nikajuta, kwa sababu niliona anakofikia.

"Kwa hivyo ndani nilikuwa salama," alisema.

"Pengine."

"Ilikuwa nikitoka. Ama maziwa."

Sikuwa na mchoro wa hapo. Dani aliwahi kuniambia kwamba mama alimnyonyesha hadi akaanza kutembea, kwa sababu maziwa ya ng'ombe yalikuwa ghali na kwa sababu alikuwa akilia usiku. Nilimwambia hilo la kulia. Alisema, "Si unajua mimi ni msumbufu," akarusha jiwe chini kilimani.

*

Kesho yake tulivuka daraja kwenda kliniki. Sitasema ni ipi. Aliyetupokea hakugomba, aliuliza wiki ngapi, akaandika, akatoa damu, akamrudisha kwenye dawa siku hiyo hiyo. Majibu yalipotoka hayakuwa herufi. Yalikuwa tarakimu tano, na tulizisoma pamoja kwa simu, mimi Nairobi na yeye ufuoni, tarakimu moja moja kama namba ya M-Pesa.

Aliuliza kama kuna siku watafuta jina kwenye hati. Nilimwambia wanajaribu, wapo wanaotafuta makasi ya kukata kipande hicho, wapo wanaotaka kukiamsha ili kiuawe, wapo wanaotaka kukilaza milele. Nilimwambia pia kuhusu sindano ya lenacapavir, inayoshika lile kasha lenye umbo la kaburi la Mboya. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya kuijaribu kwa kinga, Afrika Kusini na Uganda, na kati ya wasichana na wanawake 2,134 walioipata hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. "Hiyo ni ya kwenu wasio nayo," alisema, bila uchungu, kama mtu anayesoma orodha ya bei.

Sasa vidonge vyake anaviweka kwenye mfuko wa betri ya taa. Kule Remba hakuna mtu anayegusa betri ya mwenzake. Mpango huo ni wake, mimi sikuufikiria.

Wiki iliyopita picha nyingine iliingia, karatasi imekunjwa mara nne. LDL. Nilikuwa kwenye foleni ya benki. Nilianza kuandika neno lile, nikafika "Umei", nikafuta. Niliandika, "Imelala. Leo unameza saa ngapi?"

Alijibu baada ya dakika moja. "Saa mbili kama kawa. We lala pia."